Jinsi ya kuipata taverna iliyojificha vijijini Krete mkiwa na watoto

Kila mwezi wa tano ukikaribia, simu huanza. Ndugu walioko Ujerumani, Uholanzi, Sweden na Uingereza wamekata tiketi za Krete, wengine wanatokea Muscat au Dubai, na maswali ni yale yale. Tule wapi? Watoto watakula nini? Nyama ya nguruwe tutaikwepaje? Na hizo taverna za kijijini mnazozisifu, yaani migahawa ya kienyeji ya Kigiriki, ziko wapi, mbona sisi tuliishia bandarini na piza? Nimeyajibu moja moja kwa muda mrefu, sasa nayaweka yote mahali pamoja.

Mwongozo huu ni wa siku moja tu: mnatoka asubuhi kwenye mji wa pwani, mnapanda kijijini, mnakula mchana kwenye taverna ambayo wenyeji nao wanakula, jioni mmerudi. Sitakutajia jina la taverna yoyote. Mpishi huzeeka, mtoto wake akahamia Athens, na mahali palipokuwa pazuri mwaka jana pakawa pa kawaida tu. Nitakupa namna ya kutafuta, na namna hiyo itakusaidia hata kwenye kijiji ambacho mimi sijawahi kukikanyaga.

Jambo moja la jiografia, halafu tuendelee. Krete ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Ugiriki, urefu wake kama kilomita 260, na katikati kimekatwa na milima ambayo kilele chake kirefu zaidi, Psiloritis, kina mita 2,456. (Wasomaji wa Biblia wanakikumbuka kwenye Matendo ya Mitume sura ya 27, meli ya Paulo ilipofika Bandari Nzuri. Mahali hapo bado papo, pwani ya kusini, panaitwa Kaloi Limenes.) Hoteli nyingi zimejipanga pwani ya kaskazini. Chakula ninachokuambia habari zake kiko juu, kwenye mbuzi, kondoo na bustani za mboga.

Mnachohitaji kabla ya kuanza

- Gari la kukodi. Mabasi ya KTEL ni mazuri kati ya Chania, Rethymno na Heraklion, lakini ya kwenda vijijini ni machache, na Jumapili hupungua zaidi.
- Leseni inayokubalika. Mwenye leseni ya Tanzania, Kenya, Uganda au Kongo aulize kampuni ya magari mapema kama watataka na kibali cha kimataifa. Usisubiri kuuliza ukiwa kaunta na watoto wamechoka.
- Viti vya watoto vya gari. Viombe siku ile ile unapoweka oda ya gari, na utaje umri wa kila mtoto.
- Pesa taslimu, tena noti ndogo. Kadi zinapokelewa sehemu nyingi, lakini milimani mtandao hukatika na mashine hugoma.
- Ramani uliyoipakua kwenye simu kabla ya kutoka hotelini. Kwenye mabonde mtandao hupotea.
- Maji ya kutosha, kofia, sweta jepesi kwa kila mtoto, na mfuko wa kutapikia. Kona za huku hazina utani.
- Vitafunwa vidogo vya njiani. Vidogo kweli. Mtoto aliyeshiba biskuti hatakula chochote mezani.
- Maneno machache ya Kigiriki kwenye karatasi. Sisi tuna bahati, kwa sababu sauti za kh, gh, dh na th tunazo tayari, kwa hiyo yasome kama yalivyoandikwa hapa:

Kalimera – habari za asubuhi
Ti ekhete simera? – Leo mna nini?
Khoris khirino – bila nyama ya nguruwe
Khoris krasi – bila divai
To loghariazmo, parakalo – naomba bili
Efkharisto – asante
Ne – ndiyo
Okhi – hapana

Hayo mawili ya mwisho yashike vizuri. "Ne" inakubali. Na mtu akirusha kichwa nyuma kidogo huku nyusi zikipanda, hata kama hakutoa neno, amekataa.

Hatua ya 1: Chagua siku na saa

Jumapili mchana ndiyo siku yenyewe. Siku hiyo familia za mjini hupanda vijijini kula na babu na bibi, na taverna hupika vyakula ambavyo katikati ya wiki huenda visiwepo. Ukiona meza ndefu ina bibi upande mmoja na mtoto mchanga upande mwingine, umefika penyewe.

Mfike kati ya saa 7 na saa 8 mchana. Wageni wengi hukosea hapa. Vyungu vya vyakula vya kupikwa, ambavyo Wagiriki huviita mayirefta, hupikwa asubuhi na kuwa tayari mchana. Usiku vingi vimekwisha au vimepashwa moto, na kinachobaki ni vya kuchoma na kukaanga. Watu wengi husoma kwamba Wagiriki hula usiku sana, saa 3 au saa 4, na ni kweli, lakini familia yenye watoto wadogo mlo wake ni wa mchana.

Epuka mambo mawili. La kwanza, kutoka hotelini saa 6 mchana ukidhani mtawahi. La pili, kwenda wiki ya tarehe 15 Agosti bila kupiga simu. Hiyo ni sikukuu kubwa ya Bikira Maria na kisiwa kizima kiko barabarani. Kuanzia Novemba mpaka mwanzo wa masika, taverna nyingi za vijijini hufunguliwa mwisho wa wiki tu, au hazifunguliwi kabisa.

Hatua ya 2: Chagua upande wa kwenda

Kanuni yangu ni fupi: ipe bahari kisogo. Kutegemea mlipofikia, anzeni na hizi.

Mkiwa Chania, shikeni njia ya Theriso, kama kilomita 15 kusini. Barabara inapita ndani ya korongo, miamba pande zote mbili, na mara kwa mara mbuzi wamesimama katikati ya lami. Kijiji hiki ndiko mwanasiasa Eleftherios Venizelos alikoanzishia uasi wa mwaka 1905 wa kutaka Krete iungane na Ugiriki. Siku hizi watu hupanda huko kwa nyama ya kondoo na mbuzi. Upande wa mashariki kuna vijiji vya Apokoronas, kama Vamos na Gavalochori, ambako kona ni chache na watoto hawataumwa tumbo.

Mkiwa Rethymno, nendeni Argyroupoli, kama kilomita 25 kusini magharibi. Chini ya kijiji kuna chemchemi kubwa, na taverna zimejengwa kando ya maji yanayoporomoka, chini ya miti mikubwa. Hata mwezi wa saba kuna ubaridi, na ndiyo maana nilitaja sweta. Spili nayo ni nzuri, ina chemchemi inayotoka kwenye vinywa vya simba wa mawe, na watoto hawatoki pale.

Mkiwa Heraklion, Archanes iko kama kilomita 15 tu, na njiani mnapita magofu ya Knossos, kwa hiyo asubuhi mnaweza kutembea huko kabla ya jua kuwa kali. Zaros iko mbali zaidi, chini ya Psiloritis, na inajulikana kwa maji yake na samaki aina ya trauti wanaofugwa hapo. Mkiwa Agios Nikolaos, kijiji cha Kritsa kiko karibu sana.

Angalizo: nilivyovitaja vinajulikana, na vingine hupokea mabasi ya watalii. Vitumie kama mwanzo wa njia. Mkikuta basi kubwa limeegeshwa mbele ya taverna ya kwanza, piteni, endeni kijiji kinachofuata au kile cha baada yake. Tofauti ya kilomita 4 inaweza kuwa tofauti ya mlo mzima.

Hatua ya 3: Endesha kwa utaratibu wa huko

Ugiriki gari hupita upande wa kulia. Waliojifunzia Dar, Nairobi au Kampala wawe makini hasa wanapotoka kwenye maegesho na kwenye mizunguko, kwa kuwa hapo ndipo mkono wa zamani hujirudia. Mpe mwenzako wa kando kazi moja: akukumbushe kila mnapoanza kuondoka.

Kwenye barabara kuu ya kaskazini utaona magari ya mbele yakisogea kulia mpaka kwenye bega la barabara ili ya nyuma yapite. Ni mazoea yao. Usilazimike kukimbia kwa sababu kuna mtu nyuma yako anakusukuma. Sogea panapokuwa salama, apite. Milimani piga honi kidogo kwenye kona isiyoonekana mbele.

Jaza mafuta kabla ya kupanda. Vituo vya milimani ni vichache na Jumapili vingine hufungwa.

Mkifika kijijini, acheni gari mwanzoni mwa kijiji na mtembee. Vichochoro vya ndani vilijengwa kwa ajili ya punda, na kila mwaka kuna baba mmoja anayejikuta kati ya kuta mbili, vioo vimekunjwa, na kijiji kizima kimetoka kumwelekeza namna ya kurudi nyuma.

Hatua ya 4: Uliza watu wanaojua

Usimwulize mtu wa mapokezi hotelini, "mgahawa mzuri uko wapi?" Atakutajia anakotuma wageni wote. Mwulize hivi: "Jumapili wewe na mama yako mnakula wapi?" Mara nyingi utaona uso wake ukibadilika, atafikiri, kisha atakutajia kijiji.

Njiani, wenye habari za kweli ni mwuza mikate, mtu wa kituo cha mafuta, na wazee wanaokaa kwenye kafenio, yaani mkahawa wa kahawa ulio katikati ya karibu kila kijiji. Salimia kwanza. Huwezi kuingia na kurusha swali bila kalimera, kama vile usingefanya hivyo Unguja au Lamu. Nunua kitu kidogo, kahawa ya kikombe au soda ya watoto, halafu uliza. Watoto ndio pasipoti yako hapa: mzee ambaye angekujibu kwa kidole atainuka na kukusindikiza mpaka kona.

Nyota za kwenye simu zitumie kama msaada wa kujua kama pamefunguliwa, basi. Taverna ya bibi ambaye hajui hata kwamba yupo kwenye ramani inaweza kuwa na maoni machache tu, na pengine mtu mmoja amelalamika kwamba menyu haikuwa kwa Kiingereza. Malalamiko hayo mimi huyachukua kama sifa.

Hatua ya 5: Kagua kabla ya kukaa

Piteni mbele taratibu, msikae bado. Dalili njema ni hizi. Nje kuna pikapu za wakulima. Kuni zimepangwa ukutani. Menyu ni karatasi moja, au hakuna menyu kabisa na mtu anakutajia kwa mdomo. Meza zimefunikwa karatasi iliyobanwa kwa vibanio isipeperuke na upepo. Kando kuna bustani yenye nyanya na bilinganya. Na wanaokula ni wa rika zote.

Dalili za kukufanya upite: mtu amesimama barabarani akikuita kwa lugha tano, picha za vyakula zimefifia kwa jua, na menyu ina moussaka (bilinganya na nyama ya kusaga za kuoka), piza, hamburger na vyakula vya Kichina kwa pamoja. Jiko dogo haliwezi kupika vyote hivyo bila friza kubwa.

Kwenye menyu angalia alama ya nyota ndogo kando ya jina la chakula, au herufi κατ. Sheria ya Ugiriki inamtaka mwenye mkahawa aonyeshe kitu kilichogandishwa. Nyota kwenye kamba au ngisi ukiwa mlimani si aibu. Nyota ikiwa kwenye karibu kila mstari, sema asante, mwendelee na safari.

Kisha fanya jambo ambalo wageni wengi wanaliogopa: omba kuona jikoni. Onyesha kwa mkono kuelekea jikoni na utabasamu. Desturi hii ni ya zamani huko, mteja kusogea kwenye vyungu na kuchagua kwa macho, na kwenye taverna za kijijini bado hawaishangai. Mpishi anayejivunia alichopika atakufunulia kifuniko kimoja baada ya kingine.

Hatua ya 6: Agiza kama wanavyokula wao

Hapa tukae kidogo, kwa kuwa taverna nzuri inaweza kuharibiwa na oda mbaya.

Uliza "Ti ekhete simera?" kabla ya kufungua menyu. Kitakachotajwa kwanza ndicho kilichopikwa leo. Agizeni sahani za katikati, si kila mtu ya kwake. Wote wanachota hapo hapo kwa uma, na mkate unapita. Kwa watu wazima wawili na watoto wawili, anza na sahani tatu ndogo na moja kubwa. Ikiwa haitoshi mtaongeza. Sahani za Krete ni kubwa, na mwenye taverna akikuambia "inatosha", msikilize.

Mboga ndiyo fahari ya kisiwa, na ndiyo inayopuuzwa na wageni. Horta ni majani ya porini yaliyochemshwa, yakamiminiwa mafuta ya zeituni na limau. Kiangazi hupikwa vlita, na ukiyaona utayatambua mara moja, maana ni mchicha, wa jamii ile ile, ukipikwa pamoja na zukini. Bamies ni bamia zenyewe, kwa rojo la nyanya. Yemista ni nyanya na pilipili hoho zilizojazwa wali. Uliza kama zina nyama ya kusaga au hazina. Dakos ni mkate mkavu wa shayiri uliolowekwa kidogo, juu yake nyanya ya kukuna, jibini laini na mafuta ya zeituni. Watoto wanaopenda nyanya huimaliza peke yao.

Kwenye nyama, eneo la Chania lina tsigariasto: mbuzi aliyepikwa polepole ndani ya mafuta ya zeituni mpaka nyama inaachana na mfupa, bila viungo vingi. Antikristo ni kondoo aliyekatwa vipande vikubwa, akatiwa chumvi na kusimamishwa kuuzunguka moto, si juu yake, kwa saa kadhaa. Hicho ni chakula cha wachungaji wa milima ya Psiloritis, na Anogeia wanajulikana nacho sana. Halafu kuna gamopilafo, wali wa harusi. Ukisikia pilafo usitegemee pilau yetu: huu ni mweupe, laini kama bokoboko, umeiva kwenye supu ya nyama na umemalizwa kwa limau na siagi. Mtoto anayekataa kila kitu atakula huu.

Sasa lile swali la nguruwe. Huku nguruwe ni nyama ya kila siku, kwa hiyo zingatia haya:

- Souvlaki na gyros zikitajwa bila maelezo, mara nyingi ni nguruwe. Kuku ni kotopulo, ng'ombe ni moskhari, kondoo ni arni, mbuzi ni katsiki.
- Apaki (nyama ya kukaushwa kwa moshi) na lukaniko (soseji) kwa kawaida ni nguruwe, na vipande vyake vinaweza kutiwa kwenye saladi au mayai bila kutangazwa.
- Keftedes na biftekia, yaani vidonge vya nyama ya kusaga, vinaweza kuchanganywa ng'ombe na nguruwe. Uliza kila mara, na uulize pia kwa moussaka na makaronia me kima, yaani tambi kwa nyama ya kusaga.
- Divai hutiwa kwenye mapishi mengi ya mchuzi. Pweza, wanayemwita khtapodhi, akiitwa krasato amepikwa kwa divai. Omba wa kuchoma.

Anayehitaji nyama iliyochinjwa kihalali asitegemee kuipata kijijini, na akumbuke kwamba hata gamopilafo umeiva kwenye supu ya nyama hiyo. Kwenu mlo mzuri ni samaki, pweza, mboga, jibini na maharage. Kuna neno la kuwasaidia: nistisima. Ni vyakula vya mfungo wa Waorthodoksi, ambavyo havina nyama, mayai wala maziwa, ila pweza na ngisi wanaruhusiwa. Wakati wa Kwaresima yao, na tarehe 1 hadi 14 Agosti, vinapatikana kwa wingi. Sema neno hilo na mpishi atajua mara moja akupikie nini.

Samaki wa bahari huuzwa kwa kilo. Chagua samaki wako, apimwe mbele yako, na bei isemwe kabla hajaingia motoni. Mlimani mimi simwagizi kabisa samaki wa bahari. Nangoja nishuke pwani. Trauti wa Zaros au Argyroupoli ni habari nyingine, yule anatoka kwenye maji ya hapo hapo.

Kwa mtoto mgumu kabisa, viazi vya kukaanga. Vijijini mara nyingi humenywa hapo hapo na kukaangwa kwa mafuta ya zeituni. Usivione haya. Viweke mezani pamoja na sahani nyingine, asivipewe kama chakula chake peke yake, na baada ya muda mkono wake utaanza kutembea.

Hatua ya 7: Usiharakishe meza

Chakula kitakuja kwa mfuatano wa jikoni, si wa menyu. Kinachoiva kinakuja. Hakuna atakayekuletea bili bila kuiomba, kwa kuwa kwao kuleta bili ni kukufukuza. Kukaa mezani kwa muda wa saa mbili ni kawaida, kwa hiyo kaeni mahali ambapo watoto wanaweza kushuka na kucheza mkiwaona: uwanja, mti, paka. Paka watakuwepo. Waambie watoto wasiwalishe juu ya kiti.

Kiangazi, kuanzia saa 9 alasiri mpaka saa 11 na nusu, ni saa za utulivu. Watu wamelala. Mpira ugotao ukutani wakati huo utawaletea bibi dirishani.

Mwishoni huja kitu ambacho hamkuagiza: tunda, keki ndogo, na chupa ndogo ya raki, pombe kali ya huko. Ni zawadi ya nyumba. Asiyekunywa aweke mkono kifuani na kusema efkharisto, hakuna atakayekasirika, ila tunda mlile. Dereva asionje. Kiwango kinachoruhusiwa Ugiriki ni gramu 0.5 kwa lita ya damu, na zile kona za kushuka hazijui kama ulikunywa kidogo tu.

Hatua ya 8: Lipa na uweke kumbukumbu

Omba bili. Utakuta kiasi kidogo kwa kila mtu kwa ajili ya mkate. Hilo ni la kawaida, na kama hamtaki mkate semeni unapoletwa. Kwenye menyu nyingi kuna maandishi kwamba mteja halazimiki kulipa asipopewa risiti. Kwa hiyo risiti ni haki yako, iombe bila wasiwasi. Bahshishi si lazima. Kuongeza kiasi cha kukamilisha hesabu, au asilimia 5 hadi 10 mlipohudumiwa vizuri, kunapokelewa kwa furaha.

Kabla ya kuondoka, piga picha ya kibao cha nje chenye jina kwa herufi za Kigiriki, na uweke alama ya mahali kwenye ramani ya simu. Jina hilo hilo huandikwa namna tatu au nne kwa herufi zetu, na mwakani utalitafuta usilipate.

Mambo yakienda kombo

Mmefika, pamefungwa. Usigeuze gari moja kwa moja. Nenda kwenye kafenio. Hata pasipo na jiko, mara nyingi watawapa mayai, saladi, jibini, zeituni na mkate, na watoto wakatulia. Hapo hapo uliza kijiji jirani kuna nani anapika leo.

Mmechelewa, ni saa 10 alasiri na vyungu vimekwisha. Agizeni vya moto wa haraka: mbavu ndogo za kondoo, ambazo ni paidhakia, kuku wa kuchoma, viazi, saladi. Msing'ang'anie kilichobaki chini ya chungu.

Menyu ni Kigiriki tupu na mhudumu hajui lugha yenu. Rudi kwenye jiko na kidole. Kamera ya simu inayotafsiri husaidia, lakini majina ya vyakula vya Krete huyatafsiri vibaya, kwa hiyo usiagize kitu kwa tafsiri yake peke yake. Hokhli, kwa mfano, ni konokono.

Mtoto ana mzio wa karanga, maziwa au ngano. Andikeni kwa Kigiriki kabla ya safari, mumwombe mtu wa hotelini asahihishe, na karatasi hiyo iende jikoni, isiishie kwa mhudumu. Namba ya dharura ni 112.

Bili ina kitu msichokiagiza. Mwulize kwa upole, mkiwa na menyu mkononi. Mara nyingi ni mkate, maji ya chupa au uzito wa samaki. Ikiwa bei ya samaki haikusemwa kabla, hapo mtakuwa na mazungumzo magumu, na ndiyo sababu nilisisitiza mizani.

Mtoto ametapika njiani na hataki tena gari. Simameni kwenye kijiji chochote kilicho karibu, hata kama hakikuwa kwenye mpango. Hatua ya 4 na ya 5 zinafanya kazi popote.

Hamna gari. Chukueni basi mpaka Archanes au Kritsa siku ya kazi, na mwulize dereva saa ya basi la mwisho la kurudi kabla ya kushuka. Au gawaneni teksi familia mbili, mkubaliane bei ya kwenda, kusubiri na kurudi kabla ya kuondoka.

Mmepapenda, mnataka kurudi kabla likizo haijaisha, safari hii kwa antikristo au mbuzi wa kwenye tanuri la kuni. Semeni siku ile ile mnapolipa. Vyakula hivyo havipikwi kwa familia moja iliyotokea tu mlangoni, maana mnyama hununuliwa na moto huwashwa asubuhi. Taja siku, saa, idadi ya watu wazima na idadi ya watoto, na uache namba yako ya simu.